Banio Ambalo Hilda Hakuliona

Dada yangu Hilda alikuwa fundi sanifu wa maji, mwanamke pekee katika ofisi ya maji pale Moshi, na mfongo wa kwetu Uru ndio uliomwondoa. Nasema mfongo kwa adabu tu. Mfongo ni mfereji wa udongo waliouchimba mababu kuleta maji ya mto mpaka kwenye migomba yetu, na mfereji hauna mdomo. Waliomwondoa walikuwa na midomo. Mmoja wao, aliyeufumba wake siku alipotakiwa kuufungua, alikuwa baba yetu mzazi, Mzee Melkior, mwenyekiti wa mfongo.

Sitaki mtu adhani Baba alikuwa mtu mbaya, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Tulizaliwa wasichana wawili tu. Ndugu zake walipomshauri atafute mke mwingine apate mrithi wa kihamba, shamba la ukoo, aliwajibu kwamba kichwa cha Hilda kinamtosha. Aliuza dume lake la ng'ombe ili Hilda asome, na Hilda alipochaguliwa kwenda chuo cha maji Dar es Salaam, Baba alimngoja padri nje ya kanisa baada ya misa amweleze, akaeleza mpaka padri akachelewa ubatizo. Mimi niliishia darasa la saba, nikabaki na jembe, na Mama, na ndizi za kushusha sokoni Kiboriloni. Wivu nilikuwa nao, sikatai, lakini nilijivuna naye kuliko nilivyomwonea wivu.

Ofisini walimpokea kwa shangwe na birika. Mhudumu wa chai alikuwa amestaafu, na hakuna aliyehangaika kutafuta mwingine maana Hilda alikuwa ameshafika. Mkuu wake, Bwana Elimringi, alikuwa mtu mpole asiyepandisha sauti, na kwa upole huohuo alimwita "binti yetu" mbele ya wageni waliokuja kumtafuta fundi. Buti za kazi ziliagizwa za wanaume tu, kwa hiyo Hilda akawa anajaza magazeti makuukuu kwenye ncha ili zisimvuke. Ndani ya Land Rover alikaa nyuma na mabomba. Mbele, kando ya dereva, alikaa Sirili, ambaye kazi yake ilikuwa kumshikia Hilda mti wa kupimia.

Nilimuuliza kwa nini asidai kile kiti. Akacheka.

"Viki, nikigombea kiti watasema nimekuja kukaa. Ngoja waone kazi kwanza."

Maskini dada yangu. Alidhani kazi nzuri hujisemea yenyewe.

Mwaka tisini na moja wafadhili walileta fedha za kujenga mabanio ya saruji kwenye mifongo ya mlimani. Banio ni ule ukuta mdogo wa mtoni unaoyazuia maji na kuyageuza yaingie mferejini. La kwetu lilikuwa la mawe, matawi na vigogo vya migomba. Kila masika mto ulilibeba, na kila baada ya masika wanaume walipanda kulijenga upya, wakachinja mbuzi, wakala hukohuko na kushuka wakiimba. Hilda akapewa kazi ya kusanifu banio jipya la Uru. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya peke yake. Bwana Elimringi alimwambia waziwazi: likisimama vizuri, atakabidhiwa mifongo yote ya upande ule, lisiposimama, kazi za nje atazisahau.

Sasa, kwetu mwanamke hafiki kichwani mwa mfongo, pale maji yanapoachana na mto. Atachota chini, atafua chini, atamwagilia maharage yake kwa maji hayohayo, lakini akikanyaga kule juu, wazee walisema, maji yatakasirika na kukauka. Na si kukanyaga tu. Hata habari za kule hazizungumzwi mbele yake. Mwanamume akirudi kutoka kichwani mwa mfongo, mkewe haulizi ameona nini, anampakulia chakula basi.

Kikao cha wazee wa mfongo kilikaa uani kwetu kama kawaida, na Bwana Elimringi akaja na Hilda na Sirili. Mwiko haukuhusu mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa hiyo mbege ya kikao niliipika mimi, na nilikuwa palepale nikiwajazia kata. Nilisikia kila neno.

Mzee Wenseslaus, mkubwa wao kwa umri, ndiye aliyeanza. "Tunashukuru serikali kutukumbuka. Ila tumeona fundi aliyeletwa ni binti wa mwenyekiti. Ni mtoto wetu, tunampenda. Lakini kule juu hapandi."

"Mzee wangu," Hilda akasema, "siwezi kusanifu mahali nisipopaona."

"Si mna vyombo vya kuonea mbali?" akauliza mzee mwingine, na wote wakacheka. Hata Sirili alicheka.

Hilda alimgeukia mkuu wake. Bwana Elimringi alikuwa anapuliza povu la mbege polepole. "Sisi ofisini tunaheshimu mila," akasema. "Hilo halina shida kabisa. Kijana wetu Sirili atapanda na vipimo, binti yetu atachora huku chini. Ni kazi ya pamoja."

Kazi ya pamoja! Nusura nimwagie mtu mbege.

Ndipo Hilda akamtazama Baba. Kikao cha mfongo kina utaratibu wake: wazee wote huongea, lakini mwenyekiti akishasema, shauri limekatika, hakuna wa kulifungua tena. Neno moja la Baba lingetosha. Angeweza kusema apande, au apande pamoja naye, au apande siku moja tu kisha tuchinje kondoo wa kuyaomba maji radhi, kama walivyokuwa wakifanya mambo mengine yalipokwenda kombo.

"Baba," Hilda akasema, "mwenyekiti ni wewe."

Baba aliishika kata yake kwa mikono miwili. "Kikao kimemsikia fundi," akasema. "Na kikao kimemsikia mkubwa wa fundi. Tufuate alivyosema mkubwa wake."

Kwa hiyo Sirili akapanda. Alikuwa kijana wa mjini, Njoro, mtu wa kushika mti na kusoma namba, na kazi hiyo aliifanya kwa uaminifu. Simlaumu. Alishuka na vipimo vyake, Hilda akavikalia mezani kwetu, akaanza kumuuliza. Ukingo wa kushoto ni mwamba au udongo? Sirili akasema ni ukingo tu. Maji ya masika yanatokea mto mkuu peke yake, au kuna mahali pengine? Sirili akasema yeye alipanda kiangazi, masika hakuiona. Kuna bonde, kuna korongo lolote kwa juu? Sirili akafikiri, akasema kuna kanjia ka mbuzi.

Kesho yake asubuhi Hilda alimfuata Baba jikoni, alikokuwa anaota moto kabla ya kwenda kupogoa kahawa. Nilikuwa namenya ndizi za mtori.

"Baba, twende wote sasa hivi, wewe na mimi. Nitaangalia tu, nitarudi. Hakuna mtu atakayejua."

"Maji yatajua," Baba akasema.

"Basi usinipeleke. Niambie tu. Masika mafuriko yanatokea upande gani?"

Nilimwona anafungua mdomo, nikadhani sasa atasema. Kisha akanitazama mimi na kisu changu, akaitazama miguu yetu iliyokuwa imeuzunguka moto, miguu ya wanawake.

"Mambo ya kichwa cha mfongo hayaongelewi jikoni, mwanangu," akasema, akachukua panga lake na kutoka.

Hilda hakulia. Alirudi mezani akachora. Alichora kwa kile alichopewa, kama mtu anayeshona suti ya mtu aliyesimuliwa. Kwenye mchoro aliandika kwa wino mwekundu kwamba mahali pa kujengea pakaguliwe na fundi kwa macho kabla saruji haijamwagwa. Bwana Elimringi akaweka sahihi, akasema amefanya vizuri sana, na pakakaguliwa na Sirili.

Banio lilijengwa kiangazi chote. Mafundi wakiwa na swali walimtuma Sirili chini, Hilda akajibu, Sirili akapanda na jibu, na nusu ya jibu ikaanguka njiani. Siku ya ufunguzi alichinjwa mbuzi kule juu, mgeni rasmi akakata utepe, na sisi wanawake tukangoja kwenye kivuko na mitungi. Tulijua limefunguliwa kwa sababu ya vigelegele vya wanaume, ambavyo havina utamu. Hilda alikuwa amesimama nasi amevaa buti zake kubwa. Maji yalipofika, safi na mengi, aliinama akaugusa uso wa maji kwa kiganja, akanitazama huku anatabasamu. Namkumbuka zaidi alivyokuwa dakika ile. Alikuwa na furaha ya kweli, na mimi nilikuwa na furaha naye.

Masika ya kwanza ililibeba lote. Haikuwa nyufa wala kuinama. Liling'oka na ukingo wake wa kushoto na saruji yake na chuma chake, likaenda kukwama chini kwenye mashamba ya watu, na mfongo ukabaki mkavu mpaka vuli.

Siku ile Land Rover ilipokuja, Hilda alikuwa amekaa kiti cha mbele. Kumbe kiti kilikuwepo siku zote.

Kikao kilikaa tena uani. Safari hii sikupika mbege, nikasema ndizi hazijaiva, na ilikuwa uongo. Mzee Wenseslaus alisema kwa huzuni, bila kejeli hata kidogo, kwamba wao walidhani mwiko ni wa mguu, kumbe ni wa mkono pia: mchoro wa mwanamke ndio uliofika juu badala yake. Wazee wakatikisa vichwa. Bwana Elimringi naye alikuwa na maelezo ya kitaalamu. Alisema fundi wake hakuzingatia maji ya pembeni.

"Maji ya pembeni gani?" Hilda akauliza. "Nani aliniambia kuna maji ya pembeni?"

"Korongo lile," mzee mmoja akasema, kwa mshangao kabisa. "Linalomwagika pale kushoto kila masika. Kila mtu analijua."

Nilimwona Hilda anageuka taratibu. Lile korongo likiwa kavu ndilo lililokuwa kanjia ka mbuzi. Wazee hawakumwonyesha Sirili kwa sababu kwao halikuwa jambo la kuonyesha. Banio lao la zamani lilichukuliwa na korongo kila mwaka na wakalijenga tena kila mwaka, ndiyo ilikuwa desturi, na mbuzi wao wakamla. Haikuwapitia akilini kwamba saruji haijengwi upya kwa wimbo. Aliyekuwa na akili ya kuuliza aliuliza, tena alimuuliza mtu mwenye jibu.

"Baba," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Waambie nilikuuliza."

Baba alikuwa anatazama chini kati ya viatu vyake. Angesema ndiyo, angekiri mbele ya wazee wenzake kwamba binti yake alimuuliza habari za kichwa cha mfongo jikoni, naye hakumfukuza, naye alikaribia kujibu. Angesema ndiyo, ingejulikana kosa ni la nani.

"Kikao kiendelee," Baba akasema.

Hilda alichukua mkoba wake akaenda kukaa nyuma kwenye gari, pale penye mabomba, bila kuambiwa.

Walimhamishia stoo, akawa anatoa koki na kupokea koki. Alivumilia kidogo, kisha akaomba uhamisho kwenda Singida, kwenye nchi tambarare isiyo na mfongo, akachimbisha visima. Huko wanamwita Injinia, ingawa cheo chenyewe si hicho, na nasikia wanamwogopa. Mama alipofariki alikuja siku ya mazishi akaondoka na basi la alasiri. Mama alikuwa amekaa miaka akisubiri Hilda na Baba waketi naye mezani wapatane, na hakujaliwa. Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko banio. Saruji itapatikana.

Kisha ikaja miaka ya kahawa kutokuwa na bei. Watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, vijana wakaenda machimboni Mererani na Dar, na pembe ya kuitia watu kusafisha mfongo ilipolia, walitokea wazee wanaokohoa. Tope likajaa. Maji yakawa yanafika kwetu mara mojamoja, tena machafu. Wazee wakakaa kikao, wachache waliobaki, na bila kondoo, bila sala, bila hata kutazamana usoni, wakakata shauri kwamba wanawake wapande nao kufukua tope, mpaka kichwani mwa mfongo.

Basi. Hivyo ndivyo ulivyokwisha mwiko wa mababu. Fundi mwenye cheti alikataliwa, wenye majembe tukafunguliwa njia.

Baba alisema atapanda nami. Alikuwa ameshakuwa mtu wa fimbo, nikamwambia abaki, akakataa. Tulipanda polepole, wanawake wenzetu wakitupita na majembe begani, wakicheka kwa woga kidogo. Tulipofika nilisimama nikatazama. Nilikuwa nimepaogopa mahali pale tangu utoto. Mto, mawe, magugu, mbu. Upande wa kushoto korongo kavu likishuka kutoka msituni, na ndani yake mawe ya mviringo makubwa kama vichwa vya ng'ombe, ambayo hakuna mbuzi aliyeyaleta pale. Mimi wa darasa la saba niliona. Hilda angepatazama kwa muda wa kufunga kamba za buti, akahamishia banio lake juu zaidi ya pale korongo linapoingia mtoni, na lingekuwepo mpaka leo.

"Hapa ndipo, Baba?"

"Ndipo."

"Hapa tu?"

Baba alikaa juu ya jiwe. Wanawake walikuwa wameanza kufukua. Akaanza kuongea, si kwangu, kwa wote, kwa sauti yake ya kikao, ile ya zamani.

"Nisikilizeni. Mimi bado ni mwenyekiti wa mfongo huu. Banio la saruji lililokuwa hapa, binti yangu Hilda hakulikosea. Aliniuliza masika maji yanatokea wapi. Nilijua. Sikumwambia kwa sababu ni mwanamke, na kwenye kikao niliogopa kusema kwamba aliniuliza. Shauri limekatika. Asilifungue mtu."

Majembe yalisimama. Kisha mmoja akasema, "Tumesikia, Mzee," kwa heshima, na wakaendelea na kazi, maana tope lilikuwa jingi na wengi wao walikuwa wameolewa Uru baada ya mambo yale. Mimi niligeuka nikatazama mto ili Baba asinione.

Wanasema majuto ni mjukuu. Baba hakupata mjukuu kwa Hilda, alipata hayo.

Njiani kushuka, karibu na nyumbani, alisimama akaegemea fimbo. "Mpigie dada yako," akasema. "Mwambie nimesema."

Siku ya soko nilishusha ndizi Kiboriloni, nikaenda kwenye duka la Nasrin, mwanamke wa Kiislamu anayeuza khanga na kupigisha watu simu ya mkononi. Aliniwekea kigoda nyuma ya pazia la vitambaa. Hilda alipokea upesi, kukawa na kelele za mashine nyuma yake.

"Viki? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Baba amesema."

Hakuuliza amesema nini. Nilisikia anasogea mbali na mashine. Nikamweleza yote, neno kwa neno, mpaka shauri limekatika.

"Amesema mbele ya nani?" akauliza.

Nikaanza kumtajia. Mimi. Wanawake wa kitongoji chetu. Mzee Yohana, ambaye hasikii siku hizi. Nikataka kuendelea, nikakuta sina wa kuongeza. Wenseslaus alikuwa amezikwa. Bwana Elimringi alikuwa amestaafu, yuko Machame anafuga kuku, na kule ofisini, jina la Hilda lilibaki kwenye lile banio.

"Basi amekwambia wewe," Hilda akasema. "Na wewe ulikuwa unajua."

"Dada, ni mzee. Amepanda mlima mzima kwa fimbo."

"Najua ni mzee." Sauti yake haikuwa na hasira, na nilitamani ingekuwa nayo. "Viki, wananisubiri hapa. Bomba limefika majini."

Simu ikakatika. Nasrin alinitazama, akakataa kupokea chochote, akanisukumia kikombe cha maji.

Niliporudi nyumbani Baba alikuwa amekaa uani, amevaa koti lake la kanisani, na siku hiyo haikuwa Jumapili. Alinyanyuka kabla sijaweka chini kapu.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Amesemaje?"

Nilitua kapu. Nilipanga zile chane za ndizi zilizobaki, nikazifunika, nikakosa kingine cha kufanya kwa mikono.

"Amesema shikamoo, Baba."

"Marahaba," Baba akajibu, kwa sauti kubwa, akitazama njia ya kuingilia kihambani. "Marahaba, mwanangu."